Transfoma ya volti kubwa: kiini cha chuma au cha feraiti?
Mafundi wa Kisumu hubishana mara kwa mara kuhusu kiini, yaani kile kinachozungushiwa koili za waya: kiwe cha chuma au cha feraiti, kauri yenye usumaku? Kwa umeme wa gridi wa hezi 50 chuma hushinda, kwa kuwa hubeba usumaku wa tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha uga wa sumaku) bila shida, ilhali feraiti hushiba, yaani haiwezi kubeba zaidi, kabla ya 0.5, tena huvunjika kama kigae ikianguka. Masafa yakifika makumi ya kilohezi, mikondo inayozunguka ndani ya mabamba ya chuma huyachemsha, nayo feraiti, isiyopitisha umeme kwa urahisi, hupoteza nishati kidogo.

Lakini ubishi huu husahau koili: ile ya pili, inayotoa volti kubwa, yenye maelfu ya mizunguko, huwa pia kapasita (kihifadhi chaji) iliyojificha, ambayo ikikutana na indaktansi ya uvujaji (ile ya usumaku usiounganisha koili zote mbili) huleta resonansi, yaani mtetemo wa umeme unaojikuza, na hapo uwiano wa mizunguko hautabiri tena volti, kiini kiwe chochote. Mwenye inveta ya kilohezi 20 achukue feraiti, koili ikigawanywa vipande ili kupunguza kapasita hiyo. Anayetegemea gridi abaki na chuma.