Raspberry Pi 3 ya sebuleni kwetu Jinja: kwa nini ilikuwa ikizima katikati ya filamu

Kompyuta yetu ya sebuleni ni Raspberry Pi 3 Model B, ile iliyotoka mwaka 2016 ikiwa na RAM (memori ya muda ambayo programu hufanyia kazi) ya GB 1. Niliinunua ya mkono wa pili, nikaiwekea LibreELEC 11, mfumo mwepesi wa Linux ambao kazi yake ni kuendesha Kodi tu, programu ya kuchezea video na muziki. Nikaichomekea diski ya nje ya TB 1 na kuibana nyuma ya televisheni. Ndani ya diski mna video za harusi za ukoo, mawaidha, taarabu za mama mkwe wangu, na filamu zilizotafsiriwa Kiganda na VJ (wasimuliaji wa filamu) wetu wa hapa Uganda, ambazo watoto wameshazikariri. Walukuba ndivyo tulivyo: Kiswahili, Kisoga na Kiganda vinapita katika nyumba moja jioni moja.

Kwa miezi kadhaa niliisifu kwa kila mgeni. Halafu ikaanza kuzima. Filamu inakwenda vizuri, dakika chache baadaye kioo cheusi, kisha nembo ya Kodi inatokea kama ndiyo kwanza umeiwasha. "Baba, imezima tena." Siku ya Idd, nyumba imejaa wageni, ilizima mara nne kabla ya magharibi. Niliumia, kwa sababu ni mimi niliyewaambia wasihangaike na deki.

Shaka yangu ya kwanza ilikuwa umeme. Kuishi karibu na bwawa la Nalubaale hakumaanishi kwamba umeme wa mtaani hauyumbi, na Pi 3 inataka chaja ya volti 5 yenye ampea 2.5, chaja ya simu haitoshi. Nikanunua chaja nzuri. Ikazima vilevile. Fundi mmoja wa mjini akaniambia, "Mzee, tupa hiyo, nunua yenye RAM kubwa." Kuhusu RAM hakukosea, lakini hakuifungua wala kuuliza nimeiwekea nini.

Jambo ambalo lingeniokolea fedha lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Pi hii ikipoteza umeme na kuwaka upya, kitu cha kwanza kuonekana ni mraba wa rangi za upinde wa mvua. Yangu ilikuwa ikizima bila ule mraba kutokea. Maana yake kompyuta yenyewe haikuzimika. Ilikuwa Kodi peke yake inakufa na kuamshwa tena.

Basi nikaruhusu SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, kwenye mipangilio ya LibreELEC, nikaingia kutoka kwenye simu kwa programu ya Termux, nikasubiri izime, kisha nikaandika dmesg, amri inayoonyesha kumbukumbu za mfumo. Mstari ulikuwepo, mweupe kabisa: Out of memory, na mbele yake kodi.bin, imeuawa. Linux RAM ikiisha kabisa huchagua programu moja ya kuitoa mhanga ili mfumo uliobaki upone, na kwa kawaida humwangukia mlaji mkubwa. Kwenye mashine inayoendesha Kodi tu, mlaji ni nani mwingine?

Nikaiwasha filamu, nikawa naandika free -m, amri inayoonyesha RAM iliyobaki, kila baada ya sekunde kadhaa. Nafasi ilishuka kama maji ya mtungi uliotoboka. Nikajaribu taarabu usiku kucha: haikushuka, haikuzima. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Wimbo wa MB 5 unaingia wote kwenye RAM na kwisha. Filamu ya GB 1.5 haina mwisho wa karibu.

Nikakumbuka faili. Wakati fulani intaneti ilipokuwa dhaifu niliandika advancedsettings.xml, faili la mipangilio ya ziada ya Kodi, kwa kufuata ushauri niliousoma, kwamba kache, yaani ile sehemu ya video inayosomwa mapema kabla ya kuonyeshwa, ikiongezwa video haitakwama. Nikaweka memorysize, yaani ukubwa wa kache, 157286400, ambayo ni MB 150. Nilichokuwa sikijui ni kwamba Kodi hiyo hutumia RAM mara tatu ya namba unayoandika. MB 150 zangu zilikuwa MB 450, karibu nusu ya RAM yote ya mashine, na RAM hiyo hiyo moja inagawanywa pia na sehemu ya picha. Ukiacha kama ilivyotoka kiwandani ni MB 20, yaani 60 zikiliwa. Juu ya hapo nilikuwa nimeweka buffermode 1, inayoiamuru ifanye hivyo kwa kila faili, hata lililo kwenye diski iliyochomekwa papo hapo na lisilohitaji kusubiriwa.

Kabla ya kulifuta nilijaribu njia ya mkato: nikatenga MB 512 za swapu, yaani nafasi inayotumika kama RAM ya ziada, kwenye memori kadi. Kuzima kulikoma, lakini picha ikawa inakatika na menyu nzito, na memori kadi haipendi kuandikwa bila kupumzika. Nikaitoa.

Nikalifuta lile faili lote. Nikaondoa viongezo saba ambavyo hakuna aliyevitumia, na nikarudisha sura ya kawaida ya Kodi, maana ile niliyopakua ilikuwa inajaza picha kubwa za mandhari nyuma ya kila filamu. Nikawasha upya. Filamu ya saa mbili na nusu ikaisha, free -m ikabaki pale pale muda wote.

Anayetumia LibreELEC 12, yenye Kodi 21, asihangaike kulitafuta faili hilo kwa ajili ya kache. Mipangilio hiyo imehamia kwenye menyu, na unaiona kwa macho. Nimependa sana mabadiliko hayo.

Kwa wiki sita sasa haijazima. Kwa nyumba yenye video za kawaida za muundo wa H.264, hii Pi 3 naipa nne kati ya tano bila kusita. Nyota moja inabaki kwa muundo mpya zaidi, H.265: mashine hii haina kifaa maalumu cha kuifungua, kwa hiyo video za harusi ya shemeji, alizozileta kwa muundo huo, zinakwenda kwa kusuasua, na hapo RAM haihusiki. Pi 4 inazifungua yenyewe. Ninaweka akiba ya hiyo, na kwa sasa shemeji ameahidi kuniletea nakala nyingine.