Firefox kwenye steshenari ya Mwanjelwa: kazi inafanya, ila riziki yake iko mkononi mwa mshindani

Nina steshenari ndogo Mwanjelwa, hapa Mbeya. Siku hizi kutoa kopi si kazi kubwa tena. Watu wanakuja kujaziwa maombi mtandaoni. Mkopo wa chuo, ajira, namba ya mlipakodi, jina la biashara. Kivinjari ndicho kitendea kazi changu, kwa hiyo haya ni maoni ya mtu wa kaunta, si ya mtaalamu wa kompyuta.

Kivinjari ninachotumia ni Firefox ya Mozilla, na kilichonivuta ni kiendelezi, yaani programu ndogo ya kuongezea ndani ya kivinjari, kinachotengenezwa na Mozilla wenyewe, kinaitwa Multi-Account Containers. Kinagawa vichupo kwenye vyombo, na kila chombo kinatunza peke yake vidakuzi vyake, zile kumbukumbu ndogo ambazo tovuti inazitumia kujua nani kaingia. Msimu wa maombi ya mikopo vijana wanajaa kwenye benchi: mmoja kasahau neno la siri, mwingine anasubiri namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu ya baba yake, na baba yuko Chunya. Zamani ilibidi nimtoe huyu kwenye akaunti yake ndipo nimwingize yule. Sasa huyu anakaa kwenye kichupo chenye mstari wa bluu, yule wa kijani, wote ndani ya mfumo uleule, na akaunti haziingiliani. Mama mmoja alichungulia kioo akashtuka: "Mwanangu, mbona hapo naona jina la mtu mwingine?" Nikamwambia, "Hilo la bluu ni la kijana huyu, mama. La kwako ni la rangi ya chungwa, hili hapa." Akakaa.

Tahadhari moja kwa wenye maduka: kufunga kichupo hakufuti kitu. Mtoe mteja kwenye akaunti yake, au ufute chombo chenyewe, la sivyo atakayemfuata anaweza kuikuta akaunti iko wazi. Chrome, kivinjari cha Google, nayo ina wasifu tofautitofauti, lakini kila wasifu unafungua dirisha lake, na kompyuta ya RAM ya GB 4 huwezi kuibebesha madirisha hayo yote.

La pili ni bando. Kiendelezi kingine, uBlock Origin, kinazuia matangazo yasipakuliwe kabisa, hasa yale ya video yanayojicheza yenyewe. Google ilipobadili kanuni za viendelezi, zile za Manifest V3, uBlock Origin kamili ikakosa nafasi kwenye Chrome, likabaki toleo lake jepesi. Kwenye Firefox bado ipo nzima, hata kwenye simu ya Android, ambako Chrome haipokei viendelezi. Pia PDF unaiandikia humohumo: fomu ya mteja unaijaza kwa kibodi, unaweka picha, unahifadhi, bila kuichapisha kwanza na kuanza kuhangaika na kalamu.

Sasa tuje kwenye maumivu. Kuna mfumo mmoja wa maombi, sitautaja, ambao kitufe cha kupakia cheti ukikibonyeza kwenye Firefox hakuna kinachotokea. Ukihamia Chrome, cheti kinapanda mara moja. Nikapiga simu huduma kwa wateja, jibu likawa fupi: tumia Chrome. Inaonekana aliyeutengeneza hakuujaribu kwingine, na unaelewa kwa nini: duniani kote Firefox imebaki na watumiaji chini ya asilimia 5, na simu karibu zote za Android zinazouzwa huku zinakuja na Chrome ndani.

Hapo ndipo suala linapokuwa kubwa kuliko duka langu. Kila kivinjari kina injini, ile sehemu inayogeuza msimbo kuwa ukurasa unaousoma. Kivinjari cha Opera kiliacha injini yake mwaka 2013 kikahamia Chromium ya Google, msingi uleule wa Chrome. Microsoft nao wakatangaza mwaka 2018 kwamba kivinjari chao, Edge, kinafuata njia hiyohiyo. Vivinjari vya Brave na Vivaldi navyo vimejengwa juu ya Chromium. Ukiondoa Safari ya Apple, injini kubwa iliyobaki nje ya Google ni Gecko, ya Firefox. Kwenye iPhone hata hiyo haimo: Apple ililazimisha vivinjari vyote vitumie injini yake, WebKit, na ilipolegeza mwaka 2024 ilikuwa kwa nchi za Umoja wa Ulaya tu. Firefox ya iPhone ni Firefox kwa jina na sura. Na tusisahau kwamba Firefox 1.0 ilitoka Novemba 2004, enzi ambazo tovuti nyingi zilijengwa kwa ajili ya Internet Explorer, kivinjari cha zamani cha Microsoft, peke yake. Tumerudi kulekule.

Na pesa? Sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla inatoka Google, ili utafutaji wa Google ndio uwe umewekwa tangu mwanzo ndani ya Firefox. Ni sawa na mwenye duka anayelipiwa pango na mshindani wake wa ng'ambo ya barabara. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Ungedhani Mozilla wangeshangilia. Kumbe mkuu wao wa fedha alikwenda mahakamani mwaka uliofuata kueleza kwamba malipo hayo yakikatwa, Firefox iko hatarini. Septemba 2025 jaji akaruhusu malipo yaendelee, ila mikataba ya kumfungia nje mwingine akaikataza, na Chrome hakuamuru iuzwe. Mozilla wamepata pumzi, lakini hiyo si riziki yao wenyewe. Wao nao si malaika: Februari 2025 waliweka masharti mapya yaliyosomeka kana kwamba wanajipa haki juu ya chochote unachoandika humo, watu wakaja juu, wakayaandika upya.

Msimamo wangu: kaunta inabaki na Firefox, Chrome iko pembeni kwa ajili ya mifumo migumu. Mteja wa Makete mwenye simu ndogo na mtandao wa kubahatisha namwambia aweke Opera Mini, maana inabana kurasa kabla hazijamfikia. Firefox naipa nyota nne. Na mwenye steshenari Iringa au Njombe aliyefanikiwa kupandisha vyeti kwenye mfumo wa aina ile bila kuhamia Chrome, anielekeze. Msimu wa maombi unakaribia.