Chai ya rangi kwa maji ya dispensa? Hapana jamani

Leo natoa povu, mnivumilie. Kuna mgahawa mmoja hapa Dar, jina naliacha, ule wa vioo vitupu na viti vya mbao visivyokalika. Menyu yao ina ukurasa mzima wa chai: nyeusi, ya kijani, nyeupe, oolong, mpaka rozela na mchaichai, ambavyo kwa kweli si chai, havitoki kwenye mchai kabisa. Hayo niliyapita. Niliagiza nyeusi, chai ya rangi yetu ya siku zote, bila maziwa. Shilingi 6,000. Nikajikaza kisabuni.

Kikaja kikombe cha maji, na kipakiti kimelala kwenye kisahani, kikavu. Maji hata mvuke hayatoi. Nikakitumbukiza kipakiti, kikavimba, kikaelea. Nikasubiri. Uzi mwembamba wa kahawia ukashuka taratibu mpaka chini, ukakaa huko huko, juu maji meupe. Nikakoroga, nikakibinya kwa kijiko nusura kipasuke. Nilichopata ni rangi ya kubabaisha na harufu ya karatasi.

Nikamwita mhudumu kwa adabu zangu zote. "Mdogo wangu, samahani, naomba maji yaliyochemka."

Akaangalia kikombe, kisha akaniangalia mimi. "Dada, maji yetu ndiyo hayo. Kwani chai si majani tu?"

Nikamwelekeza kwamba hii nyeusi inataka maji yanayotokota. Akageuka kwa bosi wake aliyekuwa kaunta anachezea simu. Bosi hakuinuka hata kidogo, akajibu ukumbi mzima usikie: "Mwambie hapa si kwa mama ntilie."

Damu ikanichemka. Afadhali hata hiyo ilichemka.

Sasa kaka, ngoja nikuambie, maana mimi nimekulia Rungwe na chai naijua tangu ikiwa kichakani. Kijana wako kasema kweli nusu: nyeusi, kijani, nyeupe na oolong zote ni mmea mmoja. Kinachozitenganisha ni kinachofanyika baada ya kuchumwa. Ile ya kijani majani yake hupigwa joto mapema, kwa mvuke au kwenye kikaango, ndiyo maana hubaki kijani. Oolong huachwa igeuke kidogo, kisha inasimamishwa njiani. Nyeusi inaachwa ifike mwisho wa safari: majani mawili na kichipukizi yananyaushwa kwa saa nyingi, mashine inayakatakata na kuyasokota, halafu yanatandazwa yakutane na hewa. Ukisimama hapo unayaona yakiacha ukijani na kuwa rangi ya shaba, na harufu inabadilika kutoka ya nyasi mbichi kuwa ya chai. Ni kitu kile kile kinacholifanya parachichi lililokatwa liwe jeusi. Ndipo yanapokaushwa. Rangi nzito na ule ukali unaoshika ulimi vinatokea pale yanapokutana na hewa, na kuvitoa kwenye majani unahitaji moto. Maji yatokote, uache dakika tatu, nne hivi. Mama ntilie unayemdharau analijua hilo bila menyu, sufuria yake haishuki jikoni kabla haijachemka.

Na jagi la umeme walikuwa nalo! Liko kaunta, linang'aa, halijachomekwa. Maji wanakinga kwenye dispensa, bomba jekundu, wanatia kwenye kikombe kizito kilichopoozwa na kiyoyozi, wanatembea nacho mpaka mezani. Yakikufikia yameshapoa.

Nilishaamua kutoa nyota sifuri. Lakini rafiki yangu niliyekuwa naye aliagiza ya kijani, akanisogezea kikombe nionje. Jamani. Laini, ina utamu kwa mbali, hakuna uchungu. Mimi chai ya kijani siipendi, nikipewa mahali pengine huwa chungu ya kukunja uso, maana watu wanaimwagia maji yanayotokota na yenyewe inataka ya nyuzi 70 au 80 tu. Kumbe yale maji yao yaliyopoa ndiyo saizi yake! Wanapika chai ya kijani nzuri pengine kuliko yote niliyowahi kunywa mjini, na hawajui kwa nini. Hilo limeniudhi kuliko hata jibu la bosi. Basi nikalegea, nikasema nyota mbili, moja ya chai ya kijani, moja ya yule kijana, kwa sababu baadaye alirudi na kijagi kidogo, akaninong'oneza, "Dada, jaribu haya." Yalikuwa ya bomba lile lile, lakini angalau alijali. Mandazi nayo yalikuwa na iliki ya kutosha, siwezi kudanganya. Ukienda, agiza ya kijani, nyeusi usiiguse.

Halafu ikaja bili. Chai nyeusi 6,000, chai ya kijani 6,000, mandazi, na chini kabisa mstari mmoja: maji ya moto, 1,000.

Ya moto!

Nimelipa. Nyota ya kijana inabaki, ile nyingine nimeifuta.