Waliahidi kubadilisha sauti, hawakubadilisha

Nyota moja. Natanguliza hukumu kwa sababu wengi hawasomi hadi mwisho, na pengine kuna mtu usiku huu ameshika simu akitaka kuwarekodia ujumbe wa sauti hawa vijana wa podikasti. Asubiri kwanza.

Jina la podikasti silitaji, maana sitaki kuwaongezea wasikilizaji kwa hasira zangu. Ni watatu, wanaume wawili na msichana mmoja, na wanaongea kila wiki kuhusu maisha ya Nairobi: keateka anayefunga maji, mzazi anayeomba pesa kabla ya salamu, mpenzi wa mtandaoni anayetoweka baada ya kutumiwa nauli, na akili inayochoka mtu akiwa bado anatabasamu kwenye picha. Wanatukana. Mimi matusi yao hayajawahi kunikera. Yule mkubwa wao alipoeleza jinsi moyo ulivyomwenda mbio ndani ya matatu pale Pangani hadi akashuka na kukaa chini ukingoni mwa barabara, akiamini anakufa, alijicheka mwenyewe, nasi tukacheka naye. Mtu anayecheka kidonda chake ana haki hiyo. Kwa sababu hiyo niliwapenda, nikalipia uanachama kila mwezi ingawa pesa yenyewe ni ya kuhesabu.

Tunashona sare za shule, sote wanawake, chumba kimoja karibu na Jogoo Road. Spika ndogo hukaa juu ya meza ya kukatia vitambaa na kipindi chao ndicho kilichokuwa redio yetu. Mambo mengi tumeyajua kwao. Mwanzoni mwa 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipobatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kile kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hata miaka miwili, hawa ndio waliotufafanulia. Walieleza taratibu kwamba familia zilikuwa zikificha wagonjwa kwa kuogopa polisi, na kwamba mtu aliyeokolewa alikuwa akitoka wodini kwenda selini. Siku hiyo hata yule mwenye mizaha zaidi alinyamaza. Cherehani zetu pia.

Sasa nije kwenye lililonichoma.

Mmoja wetu ni mzaliwa wa Mombasa. Ameniruhusu niandike bila jina. Kiswahili chake ni cha Kimvita hasa, ukimsikia mara moja humsahau, na hapa jijini wateja humwongelesha makusudi ili wamsikie tu. Baada ya kujifungua mtoto wa pili aliugua. Alikuwa hali, halali, anamtazama mtoto kama wa jirani. Alilazwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Sisi kazini tuliambiwa ameenda kwao pwani kupumzika, na mama mkwe wake aliambiwa hivyo hivyo. Anayeishi Nairobi anajua kwa nini. Hospitali ile iko pale Thika Road tangu 1910, imetibu watu wasiohesabika, lakini jina lake tumeligeuza kuwa tusi. Ukikosea chenji tu, mtu anakuuliza umetoroka Mathari lini.

Mwishoni mwa kila kipindi hao vijana husema: tuma ujumbe wa sauti, jina tutalifuta, sauti tutaibadilisha. Wamesema hivyo mara nyingi hata sisi tunaweza kuwasaidia kuikariri. Mwenzangu akaamini. Alirekodi usiku mumewe akiwa kazini, akaeleza yote, kuanzia siku za mwanzo hadi alivyotoka. Aliwashukuru. Alisema angependa mama mwingine anayepitia hayo ajue kuna kupona.

Wiki chache baadaye, kabla ya shule kufunguliwa, wakati ambapo kazi huwa imetujaa hadi shingoni, kipindi kilikuwa kinacheza kwenye spika. Jina walilifuta kweli. Sauti ilikuwa ile ile, kila herufi. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani. Halafu yule mkubwa akaanza kumwiga, akiivuta lafudhi ya pwani, akirudia "mie nlilala Mathari" kwa sauti ya taarabu, na mwenziwe akicheka hadi anakohoa. Msichana wao alisema "jamani" mara moja, wakampita. Mwenzangu aliitoa futi ya kupimia shingoni, akaiweka juu ya cherehani yake na kutoka. Hakuna aliyejua la kumwambia. Nilizima spika nikiwa nimechelewa sana.

Jioni klipu ikawa TikTok, chini yake maandishi: wahitimu wa Mathari. Mama mkwe aliipata kwenye WhatsApp, ametumiwa na mtu wa kanisani kwake.

Niliwaandikia. Niliandika kwa adabu zote, nikiwaomba waitoe klipu na wakate sehemu ile kwenye kipindi. Jibu lilikuja haraka, nalinakili lilivyo: "Madam, tulia. Hii ni kontenti. Mtu akituma sauti ametupa ruhusa." Nikawaambia ruhusa ilitolewa kwa sauti iliyobadilishwa. Wakajibu kwamba walisahau kuibadilisha, mambo yalikuwa mengi, na kukata sasa haiwezekani kwa sababu video itapoteza watazamaji wake wote. Hapo wakanifungia.

Walisahau! Kijana wa dada yangu anahariri video za harusi, na alinionyesha kazi hiyo kwa Audacity, programu ya bure kabisa. Unachagua kipande, unaishusha sauti iwe nzito au unaipandisha iwe nyembamba, basi. Chai haijapoa. Akaniongezea jambo ambalo hawa wanaojiita wataalamu wa podikasti wangepaswa kulijua kabla yetu: hata hiyo haitoshi, kwa kuwa sauti iliyoshushwa anaweza kuja mtu akaipandisha tena, na lafudhi hubaki vile vile. Kwa ujumbe mzito namna ile, mtu mwingine ausome. Msichana wao angeusoma kwa dakika tatu. Na kuhusu kupoteza watazamaji, si kweli. YouTube ina sehemu ya kuhariri ambapo mwenye video hukata kipande cha katikati, na anwani ya video na idadi ya watazamaji hubaki zilivyokuwa. Faili la sauti nalo hubadilishwa kule linakohifadhiwa. Ni kweli aliyekwisha kulipakua anabaki na la zamani, ndiyo maana saa za mwanzo zilikuwa muhimu, nao walizitumia kubishana nami.

Ruhusa nayo wasinifundishe. Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu 2019, na habari za afya ya mtu zimetajwa humo kama data nyeti. Mtu akikubali jambo moja hajakubali yote, na akiiondoa ruhusa yake lazima usimame. Hawa wenyewe waliwahi kufanya kipindi kizima kuhusu programu za mikopo zilizokuwa zikiwapigia simu jamaa za wadeni kuwaaibisha. Walikasirika kweli siku hiyo. Nilidhani wanajua aibu ni nini.

Nikifika hapa ndipo hukumu yangu inaponichanganya. Aliyemfanya mwenzangu aende hospitali ni nani? Ni wao. Aliniambia juzi, tukiwa kwake, kwamba kipindi chao kuhusu akina mama waliojifungua ndicho kilichompa maneno ya kumwambia mumewe. Kabla ya hapo alidhani amerogwa, au ni mama mbaya tu. Mshauri wa binafsi hapa Nairobi ni maelfu ya shilingi kwa saa moja, na fundi wa sare hana. Kipindi kilikuwa bure. Siwezi kuandika kwamba podikasti hii ni takataka wakati kuna mtoto analala mikononi mwa mama yake kwa sababu yake. Basi nilisema niwape nyota tatu. Niliziweka kabisa.

Nikazitoa. Maana kadiri nilivyofikiria ndivyo nilivyoona kwamba jambo hilo hilo ndilo linalowahukumu. Walijua nguvu waliyo nayo juu ya watu. Walijua anayewatumia sauti usiku wa manane hana mwingine wa kumwambia. Mtu wa namna hiyo alikuja kuwashukuru, wakamgeuza kichekesho cha sekunde arobaini. Kejeli yao ilikuwa halali walipojicheka, walipomcheka mwenye nyumba, mwanasiasa, mchungaji mwenye magari. Mama aliyetoka wodini si mkubwa wa mtu.

Wapo watakaosema nimekosa ucheshi, na kwamba Wakenya hucheka kila kitu, hata misiba yetu. Ndiyo, tunacheka. Juni 2024, kwenye maandamano, watu walikuwa wakikimbia moshi wa machozi huku wakitunga vichekesho, na vicheko vile vilitushikilia. Lakini tulikuwa tunacheka pamoja, ndani ya moshi ule ule.

Msichana wao alinitafuta kivyake baadaye, kwa akaunti yake. Aliomba msamaha bila kujitetea na akauliza kama anaweza kumpigia mwenzangu. Nilimheshimu kwa hilo. Nikamuuliza klipu itatoka lini, akasema akaunti ya TikTok si yeye anayeishika. Siku akianzisha kipindi chake nitakuwa wa kwanza kukilipia, nasema kweli. Hiki cha watatu nimeacha kulipia.

Mwenzangu amerudi kazini. Spika tunaweka nyimbo. Lalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nimemsaidia kuliandika, na sheria inataka liamuliwe ndani ya siku 90, ila hajalituma. Anaogopa kuisikia sauti yake ikichezwa tena mbele ya watu, nami simharakishi.

Ninachoomba kwa sasa ni kidogo. Kama klipu hiyo iko kwenye simu yako, unaijua, ifute. Na kama ulimtumia mwingine, mwambie naye afute.