Kasri la Villandry, Ufaransa: panda juu kwanza, ndipo ushuke bustanini

Kosa la kwanza la wageni wengi wa Villandry ni kushuka haraka. Mtu akishakata tiketi anateremka moja kwa moja kwenye mboga na maua, anainama kupiga picha, na baada ya nusu saa miguu imechoka na bustani yenyewe hajaiona. Bustani hii ilichorwa isomwe kutoka juu, kama mtu anavyousoma mkeka ukiwa umetandikwa chini. Ukiwa ndani yake unaona ua wa majani wa kufika gotini na safu za liki, mboga ya jamii ya vitunguu. Ukiwa juu unaona misalaba, mioyo na nyota. Kwa hiyo pandeni kwanza kwenye njia ya juu iliyo ukingoni mwa kilima, mtazame kwa robo saa, ndipo mshuke.

Kasri liko takriban kilomita 15 magharibi ya mji wa Tours, katika bonde la mto Loire. Kutoka Paris unapanda treni ya kasi stesheni ya Montparnasse, na safari ni kama saa moja na robo. Treni nyingi hazifiki Tours kwenyewe. Husimama Saint-Pierre-des-Corps, na hapo unabadilisha treni ya dakika tano hivi. Kutoka Tours, njia ninayoipendekeza ni baiskeli: barabara ya baiskeli inafuata mto Cher, ni tambarare, na hata asiyezoea anafika bila kuhema. Ipo pia treni ndogo hadi Savonnières, kisha unatembea kilomita chache. Treni hizo si nyingi kwa siku, kwa hiyo angalia saa ya kurudi kabla hujaondoka.

Tiketi ni za aina mbili: ya bustani peke yake, na ya bustani pamoja na kasri. Bustani hufunguliwa mwaka mzima, lakini kasri hufungwa kwa vipindi wakati wa baridi, kwa hiyo anayekuja kati ya Novemba na Februari aangalie kalenda yao kwanza. Kama muda wako hautoshi, chukua ya bustani tu. Kama una nusu siku nzima, lipia zote mbili, hasa kwa ajili ya vitu viwili nitakavyovitaja mbele.

Sasa mboga, maana ndizo zinazoitofautisha Villandry na makasri mengine yote ya Loire. Kuna viwanja tisa vya mraba, vyote sawa kwa ukubwa, lakini kila kimoja na mchoro wake. Kila kiwanja kimezungushiwa ua mfupi wa buksi, kichaka chenye majani madogo kinachokubali kukatwa. Ndani yake mboga hupangwa kwa rangi: bluu ya liki, wekundu wa kabichi na biti, kijani laini cha majani ya karoti. Watunza bustani hupanda mara mbili kwa mwaka. Upandaji wa kwanza ni wa Machi na hukaa hadi Juni. Wa pili ni wa Juni na hukaa hadi Novemba. Hapo ndipo tarehe yako ya kwenda inapoamua utakachokiona. Ukifika katikati ya Juni, wakati wa kung'oa na kupanda upya, unaweza kukuta udongo mtupu na miche ya kidole kimoja. Mwezi ninaousifu ni Septemba: kabichi zimejaa, maboga yamekomaa, pilipili zimeiva, na rangi zote zimefika kileleni. Anayependa tulipu aje Aprili, lakini asitegemee mboga kubwa.

Mkulima yeyote ataona jambo ambalo mpiga picha halioni. Mboga aina 40 za familia nane za mimea hutumika, na mpangilio hubadilika kila msimu, si kwa ajili ya urembo peke yake. Kabichi ikirudi kiwanja kilekile mfululizo, magonjwa yake hubaki udongoni yakiisubiri, na virutubisho vilevile hunyonywa kila mara. Kwa hiyo mchoraji wa bustani hana uhuru wote: lazima apatanishe rangi anayoitaka na mzunguko wa mazao ambao udongo unauhitaji. Tangu 2009 kazi yote hufanywa kwa kilimo hai. Magugu hung'olewa kwa mkono na jembe, na watunza bustani ni kama kumi tu. Ukiwakuta kazini simama uangalie mikono yao, ni sehemu ya maonyesho.

Buksi zenyewe zitazame kwa karibu. Tangu 2007 nondo kutoka mashariki ya Asia ameenea Ulaya, na viwavi wake humaliza majani ya kichaka kizima kwa siku chache. Kuna pia ukungu unaokausha matawi, na hupenda unyevu uliokwama ndani ya ua uliobanana. Dalili ni majani ya kahawia, utando mweupe kama wa buibui, na vinyesi vidogo vya kijani. Mwenye kutaka kuiga ua wa namna hii nyumbani kwake Ulaya ajue gharama hiyo kabla ya kununua mche wa kwanza.

Juu ya bustani ya mboga kuna bustani ya mapambo, na hapa ndipo ule ushauri wa kupanda juu unapolipa. Viwanja vinne vinasimulia mapenzi. Mapenzi ya upole ni mioyo iliyotenganishwa na ndimi za moto. Mapenzi ya tamaa ni mioyo iliyovunjika hadi imekuwa kama njia za kupotea. Mapenzi ya kigeugeu ni pepeo za kujipepea kwa mkono, pembe na barua. Mapenzi ya msiba ni mapanga na majambia, na kiangazi hupandwa maua mekundu kuonyesha damu. Kutoka chini hutambui hata kimoja.

Juu zaidi ya hapo kuna bwawa lenye umbo la kioo cha kale cha kujitazamia. Usilipite ukidhani ni pambo tu. Maji hutoka hapo na kushuka kwa mteremko wenyewe hadi kwenye handaki linalozunguka kasri. Karibu yake kuna bustani ya jua, iliyotengenezwa 2008, yenye sehemu ya watoto. Wenye watoto wadogo wawapeleke huko na kwenye mzingile mwambiji wa miti. Kigari cha mtoto husukumika, ila changarawe ni nzito na ngazi zipo. Kumbeba mgongoni ni rahisi zaidi. Kivuli cha kutosha kiko chini ya miti ya tilia. Iko 1,015 katika eneo zima, na yote hupogolewa kwa mkono wakati wa baridi.

Turudi kwenye vitu viwili vya ndani ya kasri. Cha kwanza ni dari ya chumba cha mashariki, iliyotoka Toledo, Hispania: maelfu ya vipande vya mbao vilivyochongwa, kutiwa rangi na kuunganishwa kwa mtindo wa mafundi wa Kiislamu waliofanya kazi chini ya watawala wa Kikristo. Aliyezoea milango ya Lamu na Unguja atasimama hapo muda mrefu kuliko mbele ya samani zote za Kifaransa. Cha pili ni paa la mnara mkongwe. Mnara huo ndio mabaki ya ngome ya zamani ambako mwaka 1189 mfalme Henry II wa Uingereza alikubali masharti ya Philippe Auguste wa Ufaransa, siku chache tu kabla ya kufariki. Sehemu nyingine yote ya ngome hiyo ilibomolewa na Jean Le Breton, waziri wa fedha wa mfalme François I, aliyemaliza kasri la sasa mnamo 1536. Ngazi za mnara ni nyembamba, mwenye magoti mabovu abaki chini. Ukifika juu unaona bustani zote kwa mara moja, na bonde la Cher na Loire nyuma yake.

Kasri bado ni la familia, na hilo linaonekana. Joachim Carvallo, daktari na mtafiti kutoka Hispania, na mkewe Ann Coleman, Mmarekani kutoka familia tajiri ya chuma ya Pennsylvania, walilinunua mwaka 1906. Wakati huo bustani za kale zilikuwa zimeshafukiwa na kugeuzwa kuwa nyika ya nyasi na miti kwa mtindo wa Kiingereza. Carvallo aliacha utafiti, akafuata michoro ya karne ya 16 na mabaki ya ardhini, akazirudisha. Mwaka 1924 alianzisha chama cha wenye nyumba za kihistoria Ufaransa, ili zifunguliwe kwa umma na viingilio vyake visaidie kuzitunza. Leo vitukuu ndio wanaosimamia. Kwa hiyo pesa ya tiketi yako inaishia kwenye miche 115,000 ya maua na mboga inayopandwa kila mwaka, ambayo nusu yake huoteshwa katika vitalu vya hapohapo.

Tenga saa mbili za bustani na saa moja ya kasri. Fika mlango unapofunguliwa, au mchana ukishageuka: jua la utosini hufuta vivuli vya ua, na michoro yote inaonekana bapa. Vaa viatu vyenye soli ngumu. Na kabla ya kutoka, panda tena ile njia ya juu kwa dakika kumi. Safari hii utakuwa unaijua kila rangi ni mboga gani.