Bibi yangu alivyobadilishwa sura na studio ya Moshi mjini

Nimekaa na hasira hizi tangu kabla ya Krismasi nikidhani zitapoa. Hazijapoa. Naandika ili mwenye picha za wazee wake asome kabla hajazipeleka popote.

Kuna studio moja hapa Moshi mjini inatengeneza vitabu vya picha. Sizungumzii zile albamu za kuchomeka picha kwenye nailoni. Hapa unawapa picha zako, wanaziskani, wanazipanga kwenye kompyuta, kisha wanachapa kitabu kizima chenye jalada gumu na jina la ukoo kwa mbele. Niliwapa kazi hiyo kwa ajili ya mama. Krismasi sote hupanda nyumbani Kibosho, wa Dar, wa Mwanza, hadi wa Nairobi, na nilitaka siku hiyo mama akabidhiwe kitabu mbele ya wanawe na wajukuu.

Picha zenyewe zilikuwa zinakwisha. Za rangi za miaka ya 1980 zimegeuka nyekundu tupu, rangi nyingine zimekimbia. Nyingi zilikuwa kwenye zile albamu za kurasa zenye gundi, na gundi ile ikishakaa miaka inashika picha hadi ukiibandua inachanika. Za zamani zaidi, nyeusi na nyeupe, ndizo zimesimama imara, kwa sababu picha ile imetengenezwa kwa chembe za madini ya fedha, haitegemei dawa za rangi zinazofifia.

Katika hizo za zamani kuna moja. Bibi mzaa mama amesimama kando ya kichanja cha kuanikia kahawa, kabla ya uhuru, nyuma yake magunia yanasubiri kwenda chamani. Babu alikuwa mtu wa KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanza 1933, na hela ya kahawa ile ndiyo iliyompeleka mama shule. Bibi anaitazama kamera bila kucheka. Ndewe za masikio yake zimetobolewa na kuvutwa, kama ilivyokuwa kwa wanawake wengi wa Kichaga wa rika lake. Ya kushoto imening'inia karibu ifike taya, na ukichungulia kwenye tundu lake unaona gunia la nyuma. Hatuna picha nyingine ya bibi. Ni hiyo tu.

Siku ya kuchukua kitabu nikafungua ukurasa wake nikakutana na mwanamke nisiyemjua. Uso laini kama wa tangazo la losheni. Mikunjo imefutwa, ngozi imepaushwa, macho yamewekewa mng'aro ambao hayakuwa nao. Na sikio limezibwa! Ndewe imekatwa ikawa fupi, nadhifu, haina tundu wala historia. Baadaye nilielezwa kuwa programu wanayotumia ililiona tundu lile ni uharibifu wa picha, ikalitibu. Programu hizi hazirudishi kilichofifia, zinakisia. Zimelishwa nyuso za watu wengi, zikikuta ukungu zinajazia kwa sura zinazozijua, na bila shaka katika sura hizo akina bibi zetu ni wachache.

Hata hilo ningelimeza. Mashine ni mashine. Nikamwambia kijana wa kaunta kwa upole kabisa, "Kaka, huyu siye bibi yangu." Macho yapo kwenye simu. Akayainua kidogo, akatazama ukurasa, akasema: "Dada, mbona ametoka mzuri kuliko mwanzo? Kwanza si alishafariki? Nani atakayelalamika?"

Nani atakayelalamika. Nilipowasimulia ndugu zangu hawakuamini kama mtu anaweza kumwambia mteja hivyo, tena mteja aliyelipa karibu laki mbili. Ninayelalamika ni mimi! Atakayelalamika ni mama, aliyebebwa mgongoni na huyo mnayesema alishafariki. Sisi kwetu mzee akifariki anazikwa kihambani, pale pale migombani, na watoto wanakua wakipita kando ya kaburi lake kila wanapokwenda kukata majani ya ng'ombe. Marehemu ana nafasi yake nyumbani. Na kijana yule ni wa huku huku, lafudhi yake niliisikia. Ndicho kilichoniuma zaidi. Hakusema hata pole. Akaongeza kwamba kitabu kimeshafungwa, ukurasa mmoja haung'oleki, nikitaka kingine nilipe nusu ya bei.

Sasa kuwaonea sitaki. Kitabu chenyewe kilikuwa kizuri. Karatasi nzito, mshono umekaza, ukikifungua kinalala bapa na hakuna uso uliomezwa na mkunjo wa katikati. Zile picha zilizoiva wekundu zilirudi kwenye rangi zake: gauni la kipaimara la shangazi likawa tena jeupe, migomba ikawa tena ya kijani. Nikiwa kwenye kurasa hizo nilikuwa tayari kumwambia kila mtu aende. Nikifika ukurasa wa bibi, nafuta yote.

Aliyeokoa jahazi ni fundi wa chumba cha nyuma, mtu mzima wa makamo, aliyetoka baada ya kunisikia nikipaza sauti. Akaomba picha halisi, akaitazama muda mrefu, akasema, "Pole sana dada. Hili sikio halikutakiwa kuguswa." Akaiskani upya mbele yangu kwa nukta 600 kwa inchi, maana picha ni ndogo kuliko kiganja na ukiikuza kutoka skani ya kawaida uso unavurugika. Akafuta vumbi na mkwaruzo mmoja kwa mkono, polepole, mikunjo ya uso akaiacha yote. Kwenye kanga ya bibi palikuwa na doa. Hakulifuta. Aliniuliza kwanza: "Hili ni la picha au la nguo?" La nguo. Akaliacha.

Yeye ndiye aliyempigia mwenye studio hadi nikachapiwa kitabu kingine kwa gharama ya karatasi tu. Nililipa kwa kinyongo, Krismasi ilikuwa imeshabisha hodi.

Mama alipofika ukurasa ule akaanza kuwaeleza wajukuu habari za sikio lile, jinsi lilivyokuwa likichomekwa vipande vya mti, kila kipya kinene kuliko cha kwanza, hadi tundu likapanuka, na jinsi yeye alivyokuwa akilishikilia akinyonya. Mimi mtu mzima sikuwahi kuzisikia. Nikawaza kuwa kwenye kile kitabu cha kwanza hakukuwa na cha kumfanya mama aseme lolote, damu ikanichemka upya pale pale mezani.

Ukienda, usiwatumie picha kwa WhatsApp, inazibana. Peleka halisi, ziskaniwe ukiwepo, uondoke nazo. Sema kwa mdomo na iandikwe kwenye risiti: uso usiguswe. Na dai kuona kurasa zote kabla hazijafungwa, wakikataa chukua picha zako.

Nilianza na nyota moja. Kwa ajili ya fundi nikaweka tatu, nikakaa nazo. Nikikumbuka "nani atakayelalamika" narudi kwenye moja, na hiyo ndiyo nimeiacha. Shangazi ana picha za harusi yake anataka kitabu pia, na ukweli ni kwamba kwa kazi ya mikono sijaona wa kuwazidi hapa mjini. Nitazipeleka. Ila nitazikabidhi mkononi mwa yule fundi mwenyewe, na nikimkosa siku hiyo nitapanda nazo tena Kibosho.