Heart of the Sun Warrior: Mkata Mti wa Mwezini Apewa Jeshi

Kisa cha Chang'e, ambacho Wachina hukikumbuka kila mwaka usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa nane wa kalenda yao, huishia pale mwanamke huyo anapokunywa dawa ya uzima wa milele na kupaa hadi mwezini, akimwacha duniani mumewe Houyi, mpiga mishale aliyeyatungua majua tisa kati ya kumi. Sue Lynn Tan, mwandishi mzaliwa wa Malaysia, alikiongezea kisa hicho, katika riwaya zake mbili, binti, Xingyin, aliyezaliwa mwezini kwa siri. Katika riwaya ya kwanza, Daughter of the Moon Goddess, binti huyo anajiunga na jeshi la Ufalme wa Mbinguni ili amkomboe mama yake, aliyefungwa huko mwezini. Heart of the Sun Warrior, iliyotoka mwaka huohuo wa 2022, inaanza baada ya ukombozi huo, wakati ambapo utulivu wa mama na mwana haudumu hata kidogo.

Kinachoipa riwaya hii uzito ni adui wake. Wugang hakubuniwa na Tan, kwani katika ngano za Kichina zilizoandikwa tangu enzi ya nasaba ya Tang yumo mtu wa jina hilo aliyehukumiwa kuukata mti mrefu mno ulioko mwezini, na kila shoka likiutia jeraha, jeraha hujifunga palepale, hivyo kazi yake haiishi abadani. Masimulizi ya kale humtazama kama mfungwa wa kuonewa huruma au kuchekwa. Tan amejiuliza swali ambalo ngano haikulijibu: mtu aliyeadhibiwa hivyo atawaza nini juu ya wale waliomhukumu? Jibu lake linatisha, kwa sababu nguvu ileile ya mti kujiponya ndiyo Wugang anayoitumia kuunda jeshi la wafu. Huo ni usukaji wa hali ya juu, maana silaha ya adui imetoka ndani ya ngano yenyewe, haikuchomekwa kutoka nje.

Ustadi huo unaonekana tena Xingyin anapokutana na Xihe, mama wa majua yale kumi. Kwa walimwengu, Houyi ni shujaa aliyewaokoa na ukame. Kwa Xihe ni muuaji wa watoto wake tisa, na sasa binti wa muuaji huyo amesimama mbele yake akihitaji msaada. Sijaona mahali pengine katika vitabu hivi viwili ambapo ushujaa unapimwa kwa ukali kiasi hiki, na natamani mwandishi angekaa hapo kwa kurasa nyingi zaidi.

Kurasa hizo zingeweza kupatikana kwa kupunguza habari za mapenzi. Xingyin amegawanyika kati ya Liwei, mwana wa mfalme wa mbinguni na mwenzake wa masomo wa zamani, na Wenzhi, mkuu wa upande wa mashetani aliyewahi kumsaliti. Kwa kuwa hadithi inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, msomaji anapitishwa kwenye shaka zilezile mara kwa mara, hata katikati ya safari ambayo kila saa ina thamani. Uamuzi wenyewe unapofika una uchungu wa kweli na sikuuona kuwa wa kulazimishwa, lakini njia ya kuufikia ni ndefu kupita kiasi. Lugha ni ya kishairi, yenye hariri na lulu kila upande, na mara mojamoja mapambo hayo hupunguza kasi ya mapigano.

Asianze na kitabu hiki yeyote ambaye hajasoma cha kwanza. Tan haelezi upya alichotendewa Xingyin na Wenzhi, hudokeza tu, na bila kuyajua hayo msomaji ataona ukali wake kwa kijana huyo kuwa ni ukaidi, ilhali ni jeraha ambalo bado linauma.